Wamekataa mikono ya mama kwa tangazo la "Mikono ya Mama"

Leo nimeaibika kazini. Kweli kabisa.

Mnajua mimi ndiye huandika matangazo ya mtandaoni ya kampuni moja ya majani chai hapa Litein. Kampeni mpya inaitwa "Mikono ya Mama." Wazo ni langu. Tulitaka mikono ya mchumaji halisi, ndio watu waamini.

Nikamleta mama yangu. Amechuma chai tangu sijazaliwa.

Alikuja amevaa sweta ya kanisa, jamani.

Bosi akaangalia vidole vyake. Vina ule weusi wa majani ambao hautoki kwa sabuni yoyote.

"Mama, hauwezi sugua kidogo?"

Mama akaenda kwa mfereji akasugua na burashi ya viatu. Akarudi ngozi imechubuka, weusi uko pale pale.

"Hii itachukiza wateja," bosi akasema. Mbele ya mama!

Akaita msichana wa mapokezi, kucha zimepakwa rangi, akamshikisha majani makuukuu. Yale karani wa kupima chai angetupa bila hata kuyaweka kwa mizani.

Mnajua nani alimsaidia? Mama. Akamchagulia mazuri, akamwonyesha pole pole: "Shika majani mawili na chipukizi, mtoto wangu."

Picha ikatoka safi.

Tukitoka mama akaniambia, "Pole, nimekuharibia kazi."

Sasa bosi anangoja niandike maneno ya kuweka chini ya hiyo picha.

Niambieni, niandike ni mikono ya mama ya nani?