Chembe Zilizolala

Miaka kumi na miwili nakagua korosho kwenye ghala la chama chetu cha msingi, nje kidogo ya Lindi, na jicho langu wakulima wanaliogopa. Gunia nalichota viganja vitatu: juu, katikati, chini. Nazipasua, naziangalia, natoa hukumu ya gunia zima. Mkulima akinuna, shauri yake.

Kwa hiyo siku kliniki waliponiambia virusi vya UKIMWI kwenye damu yangu havionekani tena, nilihukumu vilevile: nimepona. Wamechota, wamepima, hamna kitu. Dawa za nini tena?

Wifi yangu alilidaka neno hilo juu kwa juu. Mume wangu hana virusi, na dada yake huyo hajawahi kunisamehe kwamba mimi ninavyo.

"Kama umepona, tupa hizo dawa tuone," alisema. "Ukiendelea kuzimeza unatudanganya, na kaka yangu utamuua."

Nikabeba kopo langu la dawa kwenda kulirudisha kliniki. Muuguzi, binti wa rika la mwanangu wa pili, aliniamkia, akanisikiliza, halafu akacheka. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia kupima kwa kuchota ndiyo kazi yangu, asinifundishe.

"Mama, chembe za kinga, hizo CD4, hazifanani," alisema. "Zilizo macho, zinazopigana, virusi huziingia kirahisi na kuzaliana humo. Zinazopumzika, kuziingia ni shida. Ila zipo chache zilizoingiliwa zikiwa macho, kisha zikalala na virusi ndani. Vimetulia tu humo. Kipimo cha damu hakivioni, na dawa haivitoi. Ukiacha dawa, chembe kama hizo zikiamka, vinasambaa upya."

"Na mume wangu?"

"Ukimeza kila siku na kipimo kikabaki hivi, humwambukizi. Ukiacha, hapo ndipo unaweza kumwambukiza."

Gunia la namna hiyo sijawahi kulipokea. Niliona aibu, nikaona na hofu, maana kopo lilikuwa tayari mezani kwake. Nikalichukua.

Ijumaa wifi akaja kula kwetu. Zamani dawa nilizificha kwenye debe la unga akija. Safari hii niliweka kopo katikati ya mkeka, kando ya bakuli la mchuzi wa samaki, nikatoa kidonge, nikameza mbele ya macho yake.

"Wifi, sijapona," nikamwambia. "Hiki ndicho kinachomlinda kaka yako. Nikikitupa nitamwambukiza, na aliyenishauri utakuwa wewe. Kwa hiyo nameza leo, nameza kesho, na ukija mwakani utanikuta nameza. Kama hutaki kuona, geukia ukutani."

Wifi alimgeukia kaka yake, akingoja anifukuze. Mume wangu akamega ugali, akatowea, akamuuliza dada yake amwitie bodaboda sasa hivi au amalize kula kwanza.