Mama Alipopimwa Kiwanjani

Mume wangu alinunua ndege kuukuu ya viti vinne, akawa anaiegesha kwenye kiwanja cha nyasi katikati ya mashamba ya chai, nje kidogo ya Kericho. Kila likizo aliturusha mbali: Lodwar, Marsabit, hata Lamu. Binti yetu alitapika karibu kila safari. Mimi nilivumilia.

Desemba iliyopita dada ya mume wangu alijifungua Malindi. Tukamwalika mama mkwe wangu, mjane wa kijiji cha Ndanai ambaye hajawahi kupanda ndege, tumpeleke akambebe mjukuu. Alifika kiwanjani asubuhi amevaa nguo ya kanisani, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kifuani.

Mume wangu akaweka mizani juu ya ubao. "Mama, panda hapa."

Mama akavua viatu, akapanda, akidhani ndiyo desturi ya ndege. Mwanawe akapiga hesabu kwenye simu, akatikisa kichwa. "Tumezidisha uzito. Mama, wewe utakuja na basi kesho."

Nikachungulia ndani. Mkoba wa gofu wa mume wangu ulikuwa umeshafungwa nyuma ya viti.

"Na hizo fimbo?"

"Hata nikizitoa, bado tumezidi."

"Basi punguza mafuta. Tutue Nairobi tujaze."

"Tutachelewa. Mchana niko na mchezo na watu wakubwa."

Damu ilinichemka. Mwanamke aliyekamua ng'ombe alfajiri ili huyu asome, leo aachwe kwenye nyasi kwa sababu ya kampira keupe! Nikateremsha begi langu, nikamshika binti yetu mkono. "Mama, ingia. Kaa kwa kiti yangu."

Mama alikuwa akivaa viatu polepole. "Hapana. Mimi si majani chai ya kupimwa halafu inarudishwa. Nenda, kijana yangu. Mungu akulinde huko juu."

Na mwanawe akaenda! Peke yake, viti vitatu vitupu.

Sisi tulipanda basi hadi Nairobi, treni hadi Mombasa, kisha matatu. Malindi tulimkuta mume wangu ameketi nje barazani. Dada yake alikuwa amekataa kumwonyesha mtoto mpaka mama afike. Mama akamsalimia, akaingia, akampakata mjukuu, kisha akaita kupitia dirishani, "Wewe pia kuja uone mtoto."

Mama amemsamehe. Mimi ndege ile sijaipanda tena. Mume wangu anaponiambia kwamba lilikuwa jambo la usalama tu, namwuliza kama zile fimbo zilifungwa mkanda.