Nilivyomtafsiria Yaya

Dada yangu mkubwa, niliyemwita yaya, aliacha shule mapema ili mimi niendelee. Ndiyo maana Kifaransa kilibaki changu peke yangu. Wakati wa vita alishuka kwangu Bukavu kutoka Bunyakiri, ana mimba ya miezi mitano, na uvimbe mgumu kwenye titi. Tuliukanda wiki tatu kwa maji moto, tukisema ni maziwa yamefunga. Mwisho nikampeleka hospitali. Siku ya matokeo alinishika mkono, akacheka: "Leo masomo yako itanifaa."

Daktari hakucheka. Aliniambia polepole, kwa Kifaransa: ni kansa. Apasuliwe wiki hii. Mtoto anaweza kupona, anaweza asipone, lakini tukingoja mpaka azae, mama mwenyewe atatuponyoka. "Mwulize anataka nini," akasema.

Yaya akanigeukia. "Anasema nini?"

Kwetu mwenye mimba haambiwi habari mbaya. Papa, baba yetu, alipokufa, maman alikuwa na mimba yangu. Wakamwambia papa iko Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu, naye akaendelea kumfulia mashati mpaka nikazaliwa. Nimekua nikisikia watu wakisifu jambo hilo. Basi mimi, msomi mzima, nikafungua mdomo: "Anasema uzae kwanza, kisha wataangalia."

"Si nilisema ni maziwa!" Akaitika kwa kichwa, amefurahi. Nikamgeukia daktari nikamwambia kwa Kifaransa kwamba amekataa, anataka mtoto. Daktari akaandika hivyo.

Nilijiambia nitamwambia risasi zikitulia. Zikatulia, zikaanza tena, sikumwambia. Wanasema mficha ugonjwa, mauti humuumbua. Lakini yaya hakuficha kitu, jamani. Ni mimi, na huu mdomo wangu!

Alizaa binti mzima. Wiki chache baadaye mkono wake haukuweza tena kumnyanyua, nikawa namlaza kando yake anyonye upande uliobaki mzima. "Ule daktari hakuona hii?" akaniuliza siku moja.

"Hakuona," nikasema. Hata wakati ule, Mungu wangu, bado nilidanganya.

Hakumaliza mwezi wa pili tangu azae. Kwenye mazishi padri alihubiri juu ya mama aliyekataa kupasuliwa ili mtoto wake aishi. Kanisa zima lililia. Mimi nilikaa benchi ya mbele, nimempakata binti.

Binti nilimlea mwenyewe, na nilimwacha akue na mahubiri yale. Sasa ana mimba yake ya kwanza. Mwezi uliopita daktari alimwambia tansiyo, presha ya damu, imepanda sana, alazwe, huenda wakamzalisha kabla ya wakati. Akarudi nyumbani, akakataa.

"Mama mudogo, mama yangu alinichagua mimi. Na mimi nitachagua mutoto."

Nikaweka chini sahani niliyokuwa nikiosha.

"Mama yako hakuchagua. Hakuna mutu alimuuliza."

"Nani alipashwa kumuuliza?"

"Mimi. Alikuwa amenishika mukono, akaniuliza daktari anasema nini. Nikamudanganya."

Akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa nguo za hospitali. Nilichukua kitambaa changu cha kichwa nimsindikize.

"Bakia," akasema. "Kifaransa mimi mwenyewe najua."