Aliyeonekana Akiogelea

Dorcas alimkuta Obedi akigonga bati mbele ya chumba chake, Igoma, kando ya barabara ya Musoma. Alikuwa akitengeneza majiko ya mkaa, kazi iliyombakia baada ya kutia makaa katika meli za ziwa tangu ujana wake mpaka mgongo ulipokataa. Mwaka huo wa 1995 hata majiko yalikuwa yakiletwa kutoka nje, mepesi kama karatasi, na watu waliyanunua kwa sababu yanang'aa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mama Hellen. Umekuja na jua lote hili?"

"Nataka kumzika Oguda."

Obedi akaweka nyundo chini.

Oguda alikuwa kaka yake Dorcas na rafiki wa Obedi. Wakati wa vita ya Wazungu wote wawili walichukuliwa kutoka ziwani wakapelekwa baharini, kwa kuwa meli za mizigo zilihitaji watu wanaoujua moto wa boila. Walisafiri kwa msafara, meli kumi na moja zikifuata mwendo wa ile iliyo dhaifu kuliko zote, na manowari mbili zikizizunguka kuzilinda dhidi ya nyambizi. Obedi alirudi peke yake. Mama yake Oguda alipomuuliza, alimjibu, "Nilimwona akiogelea, mama. Alikuwa anaogelea vizuri."

Hakusema uongo. Aliikata tu habari pale ambapo mzazi angeweza kupumua, akadhani amemhurumia.

Mama yule hakulia, wala hakuzika. Aliwakataza wanawe wawili wadogo wasijenge nyumba katika mji wake, yaani boma lake, kabla ya mkubwa wao kurudi na kujenga, kama ilivyo desturi ya Wajaluo. Walimsubiri, wakachoka, wakahamia Tarime. Mji ukabaki na magofu, na mama akafa akisema mwanawe bado yuko majini.

"Hellen amepata tunda la mwegea," Dorcas alisema. Kwao, mwili usipopatikana, tunda hilo refu na zito ndilo huzikwa badala ya mtu. "Amelitoa mbali, Magu huko. Miti ya hapa ziwani wameimaliza kwa kukaangia mapanki."

"Minofu ya sangara inakwenda Ulaya, sisi tunakata miti kukaanga mifupa yake," Obedi alinung'unika.

"Na vijana wanasema tutangaze redioni tu, yaishe."

"Redio itamzika mtu?"

"Ndivyo nilivyowauliza. Lakini wazee nao wamegoma. Wanasema hawaziki mtu anayeogelea. Shahidi ni wewe, kaka. Sema alikufa."

"Alikufa."

"Alikufaje?"

Obedi aliangalia bati miguuni pake. Alikuwa amechoka kuibeba habari ile, na alikuwa amechoka zaidi kuificha. Akasema.

Nyambizi iliipiga meli yao asubuhi. Yeye aliwahi mashua. Oguda alikuwa majini na wenzake kama thelathini, mbali kidogo. Msafara haukusimama, maana ndiyo ilikuwa amri: meli isisimame kwa ajili ya mtu. Kisha manowari moja ikageuka, ikaja mbio. Waliokuwa majini wakashangilia. Oguda akainua mkono. Lakini nyambizi ilikuwa imejificha chini yao, na manowari ikapita katikati ya watu ikimwaga mapipa ya baruti, yale yanayolipukia kilindini.

"Ni walinzi wenu hao?" Dorcas aliuliza.

"Wetu."

"Waliwaona?"

"Waliwaona. Lakini mbele kulikuwa na meli kumi zilizotakiwa kuokolewa."

Dorcas akaketi kwenye kigoda.

"Mama alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Angezika mwaka uleule. Ndugu zangu wangekuwa na kwao." Akasimama, akajifunga kanga kiunoni. "Jumamosi uje. Utayasema hayo mbele ya watu. Na usikate."

Jumamosi Obedi alitembea saa nzima kushuka ziwani, kwenye boma la mama yake Oguda. Zamani habari ya msiba ilisimamisha kazi zote ufukweni. Safari hii waliokuja hawakufika thelathini, na vijana walikaa upande, sikio likisubiri honi ya gari la samaki.

Mzee wa ukoo aliuliza, "Nani alimwona?"

Obedi akasimama, akavua kofia. Alipofika kwenye kuogelea hakuishia hapo. Aliendelea mpaka mwisho, kwa sauti ndogo, na honi ilipolia vijana wawili tu ndio walioondoka.

"Basi," mzee alisema. "Zikeni."

Tunda likashushwa likiwa limefungwa shuka. Dorcas alitupia udongo, akapita mbele ya Obedi bila kumtazama, akaenda jikoni.

Mtu mmoja mwenye mvi tupu, aliyekuja kutoka Tarime, alimsogelea Obedi.

"Wewe ndiye Obedi?"

"Ni mimi."

"Mimi ningejenga pale," mtu yule alisema, akionyesha vichaka vilivyokuwa nyuma ya gofu la nyumba ya mama yake. Akaenda kukaa na wenzake.