Chipu Niliyoisugua Mimi

Wiki iliyopita amefariki mhandisi aliyeongoza kazi ya kubuni chipu yetu ya droni. Miaka yake ya mwisho alikuwa akitengeneza simu kwenye kibanda huko Mengo, Kampala. Nilikwenda kuzika. Mkuu wa mradi wa chuo naye alikuja, akashika kipaza sauti na kumwita "baba wa teknolojia yetu". Nilitamani kumpokonya kile kipaza sauti. Huyo huyo ndiye aliyemfukuza, na mimi ninayewaandikia hapa kila wiki ndimi niliyemsaidia kumfukuza.

Wakati ule, kabla sijaanza kuandika gazetini, nilikuwa mtunza ghala wa karakana ya chuo. Marehemu, Mkongomani aliyekuja Kampala kama mkimbizi, alishirikiana na wahadhiri na wanafunzi wa vyuo viwili kuunda droni ya kupeleka damu kwenye vituo vya afya vya mbali. Chipu ya kichakataji, yaani ubongo wa droni hiyo, waliibuni wenyewe. Ilifanya kazi, ila ilichemka: baada ya dakika chache hewani droni ilijishukia kama kuku aliyechoka. Aliomba miezi miwili airekebishe. Mkuu akasema wafadhili wanakuja Ijumaa. Akanipa chipu ya kigeni na kipande cha msasa. "Mzee, ondoa hayo maandishi, bandika jina letu. Ni maonyesho tu, ssebo," akanibembeleza, akiniita bwana kwa Kiganda. Nikasugua, ikapachikwa kwenye droni badala ya yetu. Tena nilifurahi kuaminiwa.

Ijumaa droni ikaruka, ikazunguka uwanja, watu wakapiga makofi. Ilipotua, marehemu akaifungua, akaweka kidole juu ya chipu, akaniita mbele ya wageni. "Papa, gusa. Hii ni baridi. Yetu ingekuunguza. Nani amebadilisha?" Nikaigusa, nikarudi nyuma ya wageni. Mkuu akacheka: "Mkongomani ana wivu huyu! Anataka ianguke ndiyo afurahi?" Kamati ya chuo iliponiita kunihoji, nilisema sijui lolote. Akaondolewa kwa kosa la kuuchafulia mradi jina.

Uovu wetu haukuishia kwake. Wafadhili waliona kazi imekwisha. Nani tena angehangaika na chipu inayochemka? Ile yetu ikabaki kwenye boksi ghalani, nami nikiipangusa vumbi. Wanafunzi walioibuni wakajifunza kwamba msasa una kasi kuliko hesabu. Sasa wengine wananunua chipu za nje, wanasugua, wanabandika bendera, na sisi waandishi wa magazeti tunashangilia kama wajinga.

Baada ya mazishi mjane alinifuata. "Papa, watoto wangu wamekua wakisikia baba yao alikuwa mwongo. Wewe ulikuwepo. Alidanganya?" Nikamwambia hapana, nikamweleza yote. Hakulia. "Mimi nilijua tangu zamani," akasema. "Nenda uwaambie wale uliowaambia hujui."

Jana nilipeleka barua kwa kamati ile, sahihi yangu chini. Karani akaisoma, akanitazama. "Lakini mzee, huyu mtu si ameshakufa?" Ndiyo, ameshakufa, na ndiyo maana wanamsifu: hawezi tena kuwabishia. Nami nimejifunza nikiwa mzee, kwa gharama ya mtu mwingine, kwamba ukweli unaotolewa baada ya mazishi haumrudishii mtu kazi yake. Useme angali amesimama mbele yako, anakuuliza.