Niliagwa Kanisani Nikienda Kadutu

Kingereza changu ni kile cha kwenye barua za kuomba kazi: naandika kwamba nakijua vizuri, basi. Wakati ule wa vita, kazi zilikuwa kwa wazungu wa mashirika, na Jumapili wazungu walikuwa kwenye ibada yao ya Kingereza hapa Bukavu. Nikavaa koti, nikamwambia mke wangu, "Twende, nitakutafsiria."

Na nilitafsiri kweli. Mahubiri yote yalihusu upendo, ndivyo nilivyoamua.

Mwishoni pasteri alisema jambo, watu watano wakaenda mbele. Mimi, mkristo mzoefu, nikajua mara moja: ni wageni wanajitambulisha. Kwetu kila mgeni anataja alikotoka, anapigiwa makofi. Nikawafuata.

Wa kwanza akasema, "London." Wa pili, "Nairobi." Watu wakaanza kulia. Nikasifu moyoni ukarimu wa wazungu, kumpokea mgeni kwa machozi! Zamu yangu ilipofika, nikatunisha kifua: "Kadutu!"

Machozi yakakatika. Kadutu ni mtaa wetu, hapo juu tu, tulikuja kwa miguu.

Maman mmoja, muuguzi anayejua Kingereza, akamwinamia mke wangu, lakini sauti yake ilifika mbele: "Maman, hawa batu banaaga. Kesho ndege itababeba sababu ya vita. Bwana yako iko nakimbilia Kadutu?"

Pasteri akaniwekea mkono kichwani, akaomba kwa Kiswahili, polepole, ili safari hii nielewe: "Bwana, umufikishe huyu papa salama kwake Kadutu."

"Amina!" mke wangu akaitikia, kwa sauti kubwa kuliko kanisa zima.