Bunduki Kumi na Moja za Lovrenc

Wawindaji wa bonde letu walikuwa na mchezo wao kila Novemba, siku ya Mtakatifu Hubert, msimamizi wa wawindaji, baada ya misa na kabla supu haijapoa. Walimfunga mume wangu macho kwa skafu, wakamwekea bunduki mapajani, naye alitakiwa aseme ni ya fundi gani, ya mwaka gani na toleo la ngapi. Lovrenc hakuwa na haraka. Alianza kwenye kitako, akapanda taratibu hadi mtutuni, akarudi, kisha kidole gumba kikasimama kwenye skrubu iliyo mbele ya kifyatulio.

"Ošlak," alisema. "Toleo la pili. Skrubu kubwa ina skrubu ndogo ubavuni ya kuizuia isilegee. Baadaye mzee alichoka kuziweka."

"Mwaka?"

"Ishirini na tatu. Na ni mpumbavu gani ameipaka mafuta ya kukaangia?"

Walicheka mpaka wakagonga meza. Mwaka mmoja Drejc, mwenyekiti wa chama cha wawindaji, alimwekea mpini wa ufagio. Lovrenc aliupapasa kutoka mwanzo hadi mwisho, uso mkavu, kisha akasema, "Huu ni wa mkeo, Drejc. Una alama za mgongo wako."

Huyo ndiye Lovrenc ninayetaka kusimulia habari zake, Lovrenc Hafnar wa nyumba ya juu, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao miaka thelathini na minane. Hakuwa tajiri wala msomi. Mwaka wa sabini na tisa, kabla hatujaoana, alibadilisha pikipiki yake kwa bunduki ya kuwindia ya mjane mmoja, na mama yake akalia wiki nzima kwa sababu ya pikipiki ile. Bunduki yenyewe ilitengenezwa na fundi Ošlak wa Borovlje, ng'ambo ya milima, upande wa Austria, kati ya vita viwili vya dunia. Ošlak alitengeneza zisizozidi mia nne, zote kwa mkono. Karakana iliungua na vitabu vyake vyote, na hakuna aliyejua tena ipi ni ya mwaka gani wala ya toleo lipi.

Lovrenc ndiye aliyejua. Kila alikosikia kuna Ošlak, alikwenda, hata kama ni nyumba ya mtu asiyemfahamu, akavua kofia mlangoni na kuomba aione tu. Alikuwa na madaftari ya shule. Humo aliandika kwa penseli namba, umbo la skrubu, kama kizuizi cha usalama kipo kushoto au nyuma, kama tumbo la chuma la kuwekea risasi linafunguka kwa kitufe au kwa ulimi mdogo. Katika maandishi hayo akaona kwamba kulikuwa na matoleo manne. Barua zikaanza kuja kutoka Austria, baadaye Ujerumani. Madaktari na mainjinia walimwuliza maswali mtu aliyerudi nyumbani kila jioni na vumbi la mbao masikioni. Kufikia kustaafu kwake alikuwa na bunduki kumi na moja.

Mimi niliziogopa tangu siku ya kwanza. Nilipomzaa Neža nilimwambia kabati la chuma alimozitunza liwe na kufuli mbili. Hakubisha, alinunua ya pili siku hiyohiyo. Halafu, ili nisiwe naogopa nisichokijua, akanifundisha kuzipangusa. Ndipo nilipojua habari ya komeo, kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachofungia risasi ndani. Ošlak alilisugua kila komeo kwa tupa mpaka likae kwenye bunduki yake peke yake, akaligonga namba ileile mkiani. Komeo la bunduki nyingine linaweza kuingia, linaweza hata kufunga. Lakini ukifyatua, moto unaweza kurudi nyuma, machoni mwako.

"Hata nikiwa mlevi sitachanganya makomeo," aliniambia. "Afadhali nichanganye watoto."

"Tunaye mmoja tu."

"Basi. Kazi imekuwa rahisi."

Mwezi wa tatu mwaka juzi nilikuwa napangusa vumbi, nikaona namba kwenye mkia wa komeo: 243. Bunduki ilikuwa 118. Nikadhani nimesoma vibaya, nikaenda kuchukua miwani. Nikatoa ya pili, ya tatu, zote. Bunduki nne zilikuwa na makomeo yasiyo yake. Nilikaa sakafuni na kitambaa mkononi. Kwa mtu mwingine ungesema ni uzembe. Kwa Lovrenc ilikuwa kama padri kusahau Baba Yetu katikati ya misa.

Nilikuwa nimeshaanza kuona mambo mengine. Lovrenc alimwita mbwa wetu Lisa kwa jina la Kastor, mbwa aliyekufa Neža akiwa darasa la kwanza. Alisimama mbele ya duka la mikate akiwa hajui alitumwa nini, akaninunulia misumari. Nilijiambia ni uzee, ingawa alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Sikumwambia mtu. Nilirudisha makomeo mahali pake. Tangu hapo kila Alhamisi, akienda msituni kuwapelekea paa chumvi, nilitoa funguo kwenye kopo la kahawa ya shayiri, nikafungua kabati na kusoma namba. Mara nyingine zote zilikuwa sawa, na nilifurahi kama niliyepata barua nzuri. Mara nyingine mbili, mara nyingine tano. Nilizipanga upya kama mama anayefunga vizuri vifungo vya shati la mtoto kabla mwalimu hajamwona.

Nilichokiogopa kilikuwa na tarehe. Mwezi wa sita karatasi zake za silaha zingeisha muda, na daktari alipaswa kuandika kwamba akili yake bado ni timamu. Asipoandika, polisi wangezichukua zote kumi na moja. Na mimi nilijua kwamba akinyang'anywa bunduki zile hatabaki na kitu cha kushika duniani.

Tulikwenda pamoja. Lovrenc alivaa koti la kijani la sikukuu. Daktari alimpima macho, akamwuliza tarehe, akamwomba ahesabu kurudi nyuma. Alijibu vizuri, maana ilikuwa asubuhi, na asubuhi alikuwa bado Lovrenc yuleyule. Mwisho daktari akanigeukia mimi.

"Na nyumbani, mama? Kuna chochote ambacho ningepaswa kukijua?"

Lovrenc hakunitazama. Alitazama kofia yake magotini.

"Hakuna, daktari," nikasema. "Mkaidi tu, kama zamani."

Daktari akacheka, akagonga muhuri. Tulipotoka Lovrenc aliniingiza mgahawani, akaniagizia keki ya malai, kipande kikubwa, naye akala nusu yake huku akipiga mluzi. Nusu iliyobaki niliiacha sahanini.

Mwaka huo huo Neža alifaulu mtihani wa uwindaji. Alikuwa na miaka ishirini na minne, akifanya kazi mjini Kranj, na baba yake alimngoja siku hiyo kama wengine wanavyongoja harusi. Ulipangwa msako wa nguruwe mwitu Jumamosi ya pili ya Oktoba, na Lovrenc akatangaza kwa kila aliyekutana naye kwamba msichana wake atabeba Ošlak, ile 118.

Wiki hiyo dada yangu alifanyiwa upasuaji mji mkuu, Ljubljana, nikaenda kumwuguza. Nilirudi Ijumaa kwa basi la mwisho. Alhamisi yangu ilikuwa imepita.

Asubuhi nilipotoka uani na chai, walikuwa wameshajaa, watu kama kumi na wanane, wana vijitawi vya msonobari kofiani. Walisalimiana kwa salamu yao ya wawindaji, "Macho mema!" na "Macho mema, bwana!" Drejc alikuwa akipuliza mate nje ya tarumbeta yake. Bunduki tayari ilikuwa begani kwa Neža, komeo wazi kama inavyotakiwa.

"Hebu niione," nikamwambia.

"Mama, si sasa."

"Shemeji Marjeta anataka kwenda na sisi!" Drejc akapaza sauti. "Mpeni buti! Nguruwe wakimwona watajisalimisha wenyewe."

Walicheka. Mimi nilikuwa nimeshashika mkia wa komeo na kuugeuza kwenye mwanga. 206.

Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema tumbo linaniuma, au mwanangu asiende leo nimeota vibaya. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hili si komeo lake."

Drejc aliacha kucheka. Alichukua bunduki, akasoma huku, akasoma kule, akasoma tena. "Lovrenc," akasema polepole, "komeo hili ni la mia mbili na sita."

Lovrenc alikuja, akainama, akatazama. Damu ilimpanda usoni mpaka kwenye masikio. "Nani amegusa bunduki zangu?" Akanigeukia. "Funguo zilipo anajua nani mwingine? Wewe! Unafanya nini kabatini mwangu?"

Wanaume wote walinitazama. Niliona wakifikiri lililo rahisi kufikiri, kwamba mke amepangusa akachanganya, kwa sababu kati yangu na Lovrenc nani angekosea? Na nilitamani kulikubali. Neno moja tu, ndiyo, ni mimi, nisameheni, wangenizomea kidogo, komeo lingebadilishwa, na Lovrenc angebaki Lovrenc.

Neža alikuwa bado amenyoosha mkono pale bunduki ilipokuwa. "Mama, ni wewe?"

Nilimtazama machoni. Macho yake ni ya rangi ya kahawia, ya baba yake.

"Si mimi," nikasema. "Ni baba yako. Tangu Machi. Mimi nilikuwa nayarudisha tu."

Drejc, ambaye alikuwa amemtania Lovrenc miaka thelathini, alimshika bega na kumwambia kwa sauti ya chini kama anayeongea kanisani, "Nipe funguo, bwana wee. Kwa leo tu." Na Lovrenc akazipapasa mfukoni, akampa. Msako ulifanyika bila sisi. Tulisikia tarumbeta kutoka jikoni.

Siku tatu hakuniongelesha. Siku ya nne alikaa mezani, akaniuliza kama makomeo yote sasa yapo mahali pake. Nikamwambia yote. Akauliza nilijuaje lipi ni la 87 na lipi la 91, maana yanafanana sana. Nikamwambia nilisoma namba tu.

"Vizuri," akasema. Kisha akaniambia, "Wapigie simu watu wa makumbusho wazichukue. Waje mapema, kabla sijasahau ipi ni ipi."

Walikuja Novemba, bwana mmoja mwembamba aitwaye Kosmač na dereva wake. Bwana Kosmač alivaa glavu nyeupe za pamba. Lovrenc alikuwa amenyoa, amevaa shati safi, bunduki zimelazwa juu ya blanketi sebuleni. Akazieleza moja moja, fundi, mwaka, toleo, nyumba ilikotoka na jina la mjane au mtoto aliyemwuzia. Hakukwama. Kosmač aliandika mpaka mkono ukamwuma. Mara mbili alininyanyulia macho, na nilielewa anachoniuliza: mtu huyu mna hakika ni mgonjwa? Nilijiona kama mwizi nyumbani kwangu.

Zilibaki mbili za mwisho, za mwaka wa ishirini na nane. Hapo ndipo palikuwa na jambo ambalo Lovrenc alilipata baada ya miaka sita ya kulinganisha. Mwaka huo macho ya Ošlak yalianza kufifia, na nakshi ya mbuzi wa milimani pembeni mwa chuma ikaanza kuchongwa na binti yake, Rozalija. Mbuzi wa baba anakanyaga mwamba kwa miguu yote minne. Mbuzi wa binti ameinua mmoja wa mbele. Kabla ya Lovrenc hakuna aliyejua kwamba msichana yule aliwahi kuishi.

"Hii ni ya mzee," akasema, akigusa yenye mguu juu. "Na hii ya Rozalija."

Kosmač akaandika.

Niliwasaidia kufunga mablanketi na madaftari ya Lovrenc, nikawasindikiza mpaka kwenye gari. Nilimwona Lovrenc amesimama mlangoni, amenyooka, anapeana mkono na dereva kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Aliporudi ndani ndipo nikamshika Kosmač mkono.

"Zile mbili za mwisho amezigeuza. Yenye mguu juu ndiyo ya binti."

"Una hakika, mama? Alisema bila kusita."

"Lipo kwenye daftari lake la kijani. Fungua."

Alilifungua juu ya boneti ya gari, akasoma, akavua glavu moja. Akakata mistari miwili, akaandika upya. Nilipogeuka, Lovrenc alikuwa dirishani jikoni. Maneno hakuweza kuyasikia, lakini kalamu aliiona.

Nilipoingia alikuwa amekaa.

"Ngapi?" akauliza.

"Ngapi nini?"

"Nilizokosea."

"Ulizigeuza mbili tu. Ya Ošlak na ya binti yake. Ya binti ni ile yenye mguu juu."

Alifikiri. Nilimwona akitafuta, akitafuta kweli, kama mtu anayepekua nyumba nzima.

"Mguu gani?"

"Wa mbele. Wa kulia."

"Nani aliligundua hilo?"

"Wewe, Lovrenc."

Alinitazama muda mrefu, akisubiri nimalize utani. Kisha akauliza kama Neža atakuja Jumapili.